Simulizi za Wabodo: uanze na mkusanyo wa wageni, majarida ya wenyewe, au uani kwao?

Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja wa fasihi simulizi aliniuliza aanzie wapi ili aelewe jinsi watu wachache ndani ya nchi kubwa wanavyozitumia ngano na nyimbo zao kujitambulisha. Nilimtajia Wabodo wa Assam, kaskazini mashariki mwa India, nikampa kitabu cha mmishonari Mwingereza kwa kuwa ndicho kilichokuwa kinapatikana bure mtandaoni. Baada ya wiki tatu alirudi na kurasa kumi kuhusu "Wakachari" (ndivyo wengine walivyowaita Wabodo), wakulima wapole wanaouheshimu mti fulani uani. Jina la Bodo lilikuwa limetokea mara mbili tu. Kosa halikuwa lake. Mlango niliomfungulia haukufaa kuwa wa kwanza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiipima milango mitatu ya kuwajia watu hawa: mikusanyo ya wageni wa enzi ya ukoloni, majarida na vitabu walivyochapisha Wabodo wenyewe, na simulizi zenyewe zinapoimbwa, kuchezwa na kufanyiwa ibada uani. Yote mitatu inafaa, ila haimfai kila mtu, na anayeanza na mmoja hubeba kichwani picha ambayo anayeanza na mwingine hana.

Kwanza, ni nani hawa? Wabodo wanaishi hasa kaskazini mwa mto Brahmaputra, kwenye ukanda unaopanda kuelekea vilima vya Bhutan. Mji wao mkuu wa kisiasa ni Kokrajhar. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.4 waliotaja Kibodo kuwa lugha yao ya kwanza. Lugha hiyo ni ya ukoo wa Kitibeti na Kiburma, wakati Kiassam cha majirani zao ni ndugu wa Kihindi na Kibengali. Lugha hizo mbili zimekaa kitongoji kimoja kwa karne nyingi bila kuwa na undugu wa damu, na bila kulijua hilo huwezi kuelewa kwa nini suala la uchapishaji lilifika hadi watu wakafa.

Ili milango hii ipimwe kwa mizani moja, nitatumia kauli moja ya jadi ambayo karibu kila Mbodo aliyelelewa kwa wazee anaijua. Inasema kwamba tunda la thaigir lina maganda matano, mmea wa sijou una kingo tano, filimbi ya sifung ina matundu matano, uzio wa Bathou una mafundo matano, na neno la wazee wa Kibodo lina mafundisho matano. Kwa Kiswahili inasikika kama orodha. Kwa Kibodo kila mstari hutua kwenye sauti ileile: khongba, siriba, gudungba, bandoba, fongba. Hiyo "ba" ya mwisho ndiyo tano. Na Bathou, jina la dini yao ya asili na la Mungu wanayemwomba, limebeba "ba" hiyohiyo mwanzoni: tano zilizo na kina. Wazee huzitaja kuwa hewa, ardhi, maji, moto na mbingu. Kwa hiyo katika mistari mitano umepewa mimea, muziki, madhabahu, maadili na hesabu.

Mlango wa kwanza: mikusanyo ya wageni

Kazi mbili ndizo utakazokutana nazo kabla ya nyingine zote. Ya kwanza ni ya J. D. Anderson, ofisa wa utawala wa Waingereza, aliyekusanya ngano na mashairi ya watu hawa na kuyachapisha mwaka 1895 katika kiwanda cha chapa cha serikali mjini Shillong. Ya pili ni ya Sidney Endle, mchungaji wa Kianglikana aliyeishi miongoni mwao miaka mingi na kuandika sarufi yao mwaka 1884. Kitabu chake kikubwa kuhusu maisha yao kilitoka London mwaka 1911, yeye akiwa ameshafariki, na Anderson ndiye aliyekiandikia utangulizi.

Faida zao ni kubwa na sitaki kuzipunguza. Anderson alihifadhi ngano katika maneno ya Kibodo cha wakati ule, na anayetaka kuona jinsi sentensi ya msimulizi wa karne ya 19 ilivyofumwa hana pengine pa kwenda. Endle alieleza mambo ya nyumbani kwa jicho la mtu aliyekaa: mmea wa sijou uani, uzio wa mianzi unaouzunguka, pombe ya mchele, ndoa, mazishi. Haki za kazi hizi zimekwisha muda, kwa hiyo zinasomwa bure.

Sasa tazama kwa nini zilichapishwa. Mkusanyo wa Anderson ulitolewa kama nyongeza ya sarufi ya Endle. Ngano ilikuwa mfano wa lugha, chombo cha kumsaidia ofisa au mmishonari ajifunze kusema na raia. Aliyesimulia haonekani kama mwenye mali. Na jina lililochapwa kwenye majalada ni Kachari, jina walilopewa na wengine, ingawa Endle mwenyewe ameandika ndani kwamba wao hujiita Bara (ndiyo Bodo au Boro ya leo), na huitana watoto wa Bara. Jina la wenyewe limewekwa ndani na jina la majirani limewekwa mlangoni. Hicho ndicho kilichompotosha mwanafunzi wangu.

Ukiipima ile kauli ya tano tano kwa kitabu cha aina hii, utapata maelezo ya sijou kama mmea wa jamii ya yuforbia (ndugu wa mnyaa wetu), utapata idadi ya miti ya uzio, labda na mchoro. Utakachokosa ni sababu ya mtu kuikariri kauli hiyo kwa fahari mbele ya watu wasio wa kwao.

Mlango wa pili: chapa ya wenyewe

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo ngano inapogeuka kuwa hoja.

Mwaka 1915 jumuiya ya Wabodo wa Habraghat, katika wilaya ya Goalpara ya wakati ule, ilitoa kitabu kidogo ambacho jina lake linamaanisha "watoto wa Boro na sheria". Hutajwa mara kwa mara kuwa kitabu cha kwanza kuchapishwa na Wabodo wenyewe. Tazama walichoanza nacho: sheria zao, utaratibu wa kuishi pamoja, na jina lilelile la watoto wa Boro ambalo mmishonari alikuwa amelizika ndani ya aya. Safari hii lilichapwa mlangoni.

Mwaka 1924 likatoka jarida la Bibar, maana yake ua, likiwa chini ya uhariri wa Satish Chandra Basumatary na chama cha wanafunzi wa Kibodo. Lilibeba maandishi ya Kibodo, Kiassam na Kibengali ndani ya jalada moja. Mtu anaweza kuliona hilo kama udhaifu, yaani wameshindwa kujitegemea kwa lugha yao. Mimi nalisoma kinyume chake. Vijana hao walikuwa wamesomeshwa kwa lugha za majirani, na waliamua kukiweka Kibodo kando ya lugha hizo, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayekaa meza moja na waliokuwa wakimwandikia barua. Lilifuatwa na majarida mengine, Jenthokha, Hathorkhi-Hala na Alongbar, na hadi leo wanahistoria wa fasihi ya Kibodo wanakiita kipindi hicho kizima Enzi ya Bibar. Ni fasihi chache mno duniani zilizokubali enzi yao iitwe kwa jina la jarida la wanafunzi.

Kutoka kwenye kurasa hadi kwenye siasa hapakuwa mbali. Januari 1929 wawakilishi wa Wabodo wa Goalpara waliipelekea Tume ya Simon, iliyokuwa ikichunguza mustakabali wa utawala wa India, waraka wa kudai watambuliwe kuwa watu wa pekee na wawe na uwakilishi wao. Waliojua kuandika waraka ule walikuwa wa kizazi kilekile kilichojifunza kujiandika katika majarida.

Lakini usiingie mlango huu ukidhani utakuta simulizi nzima bila kuguswa. Wengi waliokuwa mstari wa mbele katika chapa ya mwanzo walikuwa wafuasi wa Kalicharan Brahma, mwanamageuzi aliyeanzisha dini ya Brahma miongoni mwa Wabodo mwanzoni mwa karne ya 20 na kufariki mwaka 1938. Alipinga pombe ya mchele na kafara za wanyama, akahimiza shule. Mambo aliyoyapinga ndiyo yaliyoshikamana na ibada kongwe, ngoma na nyimbo nyingi. Kwa hiyo vijana waliochapisha waliipenda jadi yao na wakati huohuo waliionea haya sehemu yake. Unapokuta wimbo umechapishwa jiulize pia ni upi umeachwa. Mgeni aliacha mambo kwa kutoelewa. Mwenyeji aliacha mambo kwa kutaka heshima mbele ya jirani. Mapengo hayo mawili hayafanani, na kwa mtafiti wa utambulisho pengo la pili ni hazina, kwani linaonyesha watu wakichagua wawe nani.

Hatua kubwa iliyofuata ni tarehe 16 Novemba 1952, mjini Basugaon, kilipoundwa chama cha fasihi cha Bodo Sahitya Sabha. Chama hicho kilisukuma lugha iingie darasani, na mwaka 1963 Kibodo kikaanza kufundishia shule za msingi. Fikiria maana yake kwa ngano. Hadithi iliyokuwa ya jioni, ya bibi na wajukuu, sasa iko kwenye kitabu cha kiada, na mtoto wa Udalguri anaisoma sawa na mtoto wa Kokrajhar aliye mbali upande wa magharibi. Tofauti za kijiji na kijiji zinapungua, "sisi" inapanuka.

Halafu likaja suala la hati. Kibodo kina irabu ambayo Kiswahili hakina: ulimi unarudi nyuma na kupanda kama unataka kusema "u", lakini midomo inabaki imetandazwa, haiviringi. Kwa hati ya Kirumi huandikwa kwa herufi w. Neno lao la kuunganisha, lililo sawa na "na" yetu, ni arw, na hapo w inasimama kama irabu kamili. Kwa hati ya Kiassam sauti hiyo ilikuwa mgeni asiye na kiti. Mwaka 1974 Bodo Sahitya Sabha ikatoa kitabu cha kwanza cha kusomea kwa hati ya Kirumi, kiitwacho Bithorai, na kuanza kukitumia shuleni. Serikali ya jimbo ikakataa. Yakafuata maandamano, watu wakakamatwa, polisi wakafyatua risasi, na zaidi ya watu kumi wakapoteza maisha. Mwaka 1975 ikakubaliwa hati ya tatu ambayo haikuwa chaguo la kwanza la upande wowote: Devanagari, inayoandikia Kihindi. Herufi ambayo Mhindi huisoma "o" ikapewa kazi ya kubeba ile irabu ya arw.

Sisi tuliorithi utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu na gazeti linaloandikwa kwa herufi za Kirumi tunajua kwamba lugha huvuka hati na kubaki yenyewe. Ila kwetu mvuko ule haukuacha orodha ya wanafunzi waliouawa kwa kitabu cha darasa la kwanza. Kwao uliiacha, na ndiyo maana kwao ukurasa uliochapwa si karatasi tu.

Kwa anayechagua, historia hii ina matokeo ya moja kwa moja. Machapisho ya kabla ya 1975 mengi yanahitaji ujue hati ya Kiassam au Kibengali. Ya baadaye yanahitaji Devanagari. Vijana kwenye simu huandika kwa herufi za Kirumi. Mlango huu ni mgumu kuufungua kuliko ule wa kwanza, na sitakudanganya: usipokuwa na msaidizi anayejua lugha utakwama. Daraja la kati lipo. Mohini Mohan Brahma, Mbodo, alichapisha nyimbo za jadi za watu wake pamoja na maelezo ya Kiingereza, na Bhaben Narzi aliandika kwa Kiassam kuhusu jamii na utamaduni wa Waboro-Kachari. Hao wanasimama ndani wakizungumza na walio nje.

Jambo moja zaidi kuhusu mlango huu, na ni zito. Jarida linalofundisha watu kusema "sisi" huchora pia mpaka wa "wao". Chama cha wanafunzi cha ABSU kilichoanzishwa mwaka 1967 kiliongoza kuanzia 1987 harakati za kudai jimbo la pekee chini ya Upendranath Brahma, ambaye watu wake wanamwita Bodofa, baba wa Wabodo. Mikataba ilisainiwa mwaka 1993, 2003 na Januari 2020. Kibodo kiliingizwa mwaka 2003 katika orodha ya lugha za kikatiba za India, na mwaka 2020 kikawa lugha rasmi mshirika katika jimbo la Assam. Hayo ni matunda makubwa. Lakini ardhi hiyohiyo ina Waassam, Waislamu wanaosema Kibengali, Wasantali na wengine, na machafuko ya mwaka 2012 yaliwafukuza mamia ya maelfu ya watu wa pande zote kutoka majumbani mwao. Anayesoma chapa ya upande mmoja asisome peke yake.

Mlango wa tatu: uani na uwanjani

Hapa kauli ya tano tano haisomwi, inaonyeshwa kwa kidole. Sijou umepandwa uani, na kingo zake unazihesabu mwenyewe. Uzio wa mianzi umefungwa kwa mafundo matano. Mpiga sifung ana matundu matano chini ya vidole vyake. Katika ibada ya Kherai, ambayo kijiji huifanya kuombea mazao na afya, doudini, mwanamke anayechukuliwa na roho, hucheza hatua moja baada ya nyingine huku ngoma ya kham na matoazi ya jotha yakimfuata, na mkariri mantra akiongoza. Kila mchezo una mungu wake. Hakuna ukurasa unaoweza kukupa uzito wa kham kifuani.

Katikati ya Aprili kuna Bwisagu, sikukuu ya mwaka mpya. Siku yake ya kwanza ni ya ng'ombe. Wanapelekwa mtoni, wanaoshwa, wanatupiwa vipande vya mung'unye na biringanya, na wanaimbiwa wale, wakue, wazidi mwaka hadi mwaka. Baadaye wasichana waliovaa dokhona, vazi linalofumwa kwa mkono nyumbani, hucheza Bagurumba wakifungua mikono kama mabawa ya kipepeo. Nguo nayo ni maandishi. Skafu ya aronai inayovishwa mgeni shingoni ina michoro ambayo mama humfundisha binti kwenye kitanda cha mfumi, bila kitabu.

Kasoro yake ni mbili. Bila kujua lugha unaona uzuri tu, na uzuri usio na maneno humfanya mtazamaji adhani ameelewa. Pia kinachoonekana kwa urahisi kwenye video ni Bagurumba ya jukwaani, mistari iliyonyooka, mavazi ya rangi moja, dakika nne. Ni halali, na wenyewe wanaijivunia, lakini ile ya kijijini haipangwi kwa saa.

Basi uchague upi?

Kama unatafuta matini ya zamani ili kulinganisha ngano zao na za kwetu, anza na Anderson, kisha Endle. Utaokoa muda, na kwa kazi ya kulinganisha visa hilo linatosha. Ila andika Bodo au Boro katika kazi yako, na ueleze mara moja Kachari lilitoka wapi.

Kama wewe ni mwalimu wa muziki, ngoma au ufumaji, mlango wa tatu ndio wako. Tafuta rekodi za Kherai za kijijini kabla ya Bagurumba ya jukwaa.

Lakini kama swali lako ni utambulisho, yaani watu wanajiita nani na kwa nini wako tayari kuumia kwa jina hilo, anza na chapa ya wenyewe, hata kama itabidi uipitie kwa daraja la Mohini Mohan Brahma na kwa msaada wa msomaji wa Kibodo. Ndiyo ghali zaidi kwa muda, na ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Mkusanyo wa mgeni utaurudia baadaye ukiwa na macho tofauti. Utaona msimulizi aliyesimama nyuma ya ngano, na utaanza kumuuliza maswali ambayo Anderson hakuyauliza. Ukifanya kinyume, kama nilivyomfanyisha mwanafunzi yule, utakuwa umewazoea watu kama mifano kabla hujawasikia wakisema.

Yeye alianza upya. Ukurasa wa kwanza wa kazi yake ya pili haukuwa na neno Kachari. Ulikuwa na maneno matano yaliyopangwa wima, yote yakiishia kwa "ba", na chini yake swali aliloliandika kwa kalamu: kwa nini mistari minne ya mwanzo ihesabu vitu vinavyoshikika, na wa tano uhesabu maneno ya wazee?